Barua Zilizoponea Moto: Nyaraka za Rais Chester Arthur Zikisomwa kutoka Lubumbashi

Kwa muda wa majuma sita, tangu shule ifunge, nimekuwa nikitumia huduma ya mtandaoni ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ile inayomruhusu mtu yeyote, popote alipo, kufungua kwenye kompyuta au simu nyaraka za marais wa kale wa nchi hiyo. Nimeona niandike tathmini yake kwa ajili ya walimu wenzangu wa historia, kwa sababu wengi wao hapa mjini hawajui kwamba mlango huo uko wazi na kwamba hakuna senti inayodaiwa mlangoni. Sikuisoma huduma yote, wala hakuna binadamu atakayeimaliza: ina nyaraka za marais 23, kuanzia George Washington hadi Calvin Coolidge, na picha zake zimepita milioni 3.3, kazi ambayo ilikamilika mwaka 2020 baada ya miaka zaidi ya ishirini. Mimi nilimchagua rais mmoja tu, Chester Alan Arthur, wa 21 katika orodha yao, mtu ambaye raia wengi wa zama zake hawakumtaka na ambaye raia wa leo hawamkumbuki sana.

Wenzangu wameniuliza kwa nini nimwache Lincoln nimtafute huyu. Jibu langu ni tarehe moja. Tarehe 22 Aprili 1884 serikali ya Arthur ilitangaza kwamba inaitambua bendera ya chama cha Kongo cha mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji, bendera ya bluu yenye nyota moja ya dhahabu, kuwa bendera ya serikali rafiki. Hakuna dola nyingine iliyokuwa imefanya hivyo kabla yake. Mkutano wa Berlin, ambao kila mwanafunzi wetu anaukariri, ulianza miezi saba baadaye, na wakati huo Léopold alikuwa tayari ameshika mkononi karatasi ya Wamarekani. Nimefundisha somo hilo miaka mingi nikiitaja Berlin na kumtaja Stanley, mtu wa Léopold huku Kongo, bila kutaja jina la rais aliyeufungua mlango wa kwanza, na nilitaka kuusoma mwandiko wake mimi mwenyewe.

Nianze na mtu mwenyewe, maana bila kumjua, makaratasi yake hayasemi kitu. Arthur hakuwa amewahi kushika cheo cha kuchaguliwa na wananchi kabla ya kuwa makamu wa rais. Alijulikana New York kama mtu wa chama, mpanga kazi wa seneta Roscoe Conkling, na kuanzia mwaka 1871 hadi 1878 alikuwa mkuu wa forodha wa bandari ya jiji hilo, mahali palipokusanya sehemu kubwa ya ushuru wa nchi nzima. Sisi tunaoishi karibu na mpaka wa Kasumbalesa hatuhitaji kuelezwa uzito wa ofisi kama hiyo, wala jinsi kazi zake zinavyoweza kugawiwa kwa kujuana. Rais Hayes alimwondoa mwaka 1878 kwa sababu ya mambo hayo hayo. Miaka miwili baadaye chama chake kilimweka awe mgombea mwenza wa James Garfield ili kulituliza kundi la Conkling, na watu waliona ni cheo kisicho na madhara. Kisha tarehe 2 Julai 1881 mtu mmoja aliyekuwa akitafuta kazi serikalini, Charles Guiteau, alimpiga Garfield risasi kwenye kituo cha treni cha Washington, akatamka kwamba sasa Arthur atakuwa rais. Maneno hayo yalimwangukia Arthur kama laana. Garfield aliugua hadi tarehe 19 Septemba, na majuma yote hayo nchi ilimtazama makamu wake kwa hofu na chuki, wengine wakimshuku waziwazi. Alikula kiapo usiku wa manane nyumbani kwake New York, mke wake akiwa amefariki mwaka uliotangulia.

Sasa nije kwenye mfuko wenyewe wa nyaraka. Jambo la kwanza ambalo msomaji atalishangaa ni udogo wake. Mifuko ya marais wengine ni bahari. Wa Arthur ni kisima. Sababu yake ni moto. Mwezi Novemba 1886, akiwa nyumbani New York, mgonjwa wa figo aliyejua kwamba siku zake zimekwisha, Arthur aliagiza karibu karatasi zake zote za binafsi zichomwe, na tarehe 18 ya mwezi huo akafariki, umri wake ukiwa miaka 57. Kwa hiyo kinachopatikana leo ni mabaki yaliyookotwa huku na huku: barua zilizokuwa mikononi mwa watu wengine, vipande vilivyobaki kwa mwanawe na baadaye kwa mjukuu wake, hati za kazi, mialiko na risiti. Mtu anayetarajia kuona moyo wa rais umeandikwa kwa kalamu yake mwenyewe atatoka mikono mitupu, na ni haki aambiwe hivyo mapema kabla hajatumia mega zake.

Nazungumzia mega kwa sababu ndizo gharama halisi ya huduma hii kwetu. Kusoma ni bure, kupakua ni bure, hakuna kujiandikisha wala kuombwa jina, lakini picha ni nzito. Ukurasa mmoja unaweza kuuchukua kwa ukubwa mdogo, wa kati au mkubwa, na kosa nililofanya siku za kwanza ni kuchukua ule mkubwa kila mara, hadi kifurushi cha juma zima kikaisha kwa jioni mbili. Baadaye nilijifunza kusoma kwanza kwa picha ndogo, nikaweka alama kwenye ukurasa unaonihusu, kisha usiku wa manane, mtandao unapopata nguvu, nikapakua picha kubwa za kurasa hizo tu. Umeme ulikatika mara nyingi katikati ya kazi, na ninashukuru kusema kwamba kila ukurasa una anwani yake ya kudumu, kwa hiyo niliporudi nilijikuta palepale nilipoachia.

Picha za mfuko huu zimetokana na mikrofilamu za rangi nyeusi na nyeupe, zilizopigwa baada ya Bunge lao kupitisha sheria mwaka 1957 ya kuhifadhi nyaraka za marais kwa njia hiyo. Hilo lina faida, maana filamu ilizipiga picha karatasi kabla hazijazeeka zaidi, lakini lina hasara pia. Wino uliofifia unakuwa kijivu juu ya kijivu, na mahali ambapo wino umepenya upande wa pili wa karatasi, mistari miwili inapanda mmoja juu ya mwingine kama nyasi zilizolazwa na mvua. Niliongeza weusi wa picha kwenye simu yangu na nikaweza kusoma sehemu kubwa. Kutafuta kwa neno hakusaidii, kwa sababu barua ni za mkono. Lazima ufungue, ufuate mpangilio wa majina na tarehe, na uende ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anayepepeta mchele.

Hati zilizotiwa saini na Arthur akiwa rais ni za aina iliyozoeleka. Ni za kumteua mtu kuwa posta mkuu wa mji fulani, au balozi mdogo, au afisa wa jeshi. Juu yake kuna maneno yaliyochapwa kwa herufi za kuchonga, katikati jina la mteuliwa limeandikwa na karani kwa mwandiko wa kupendeza, na chini kabisa ni saini: Chester A. Arthur, herufi kubwa zikiwa zimelala upande, mkono wa mtu ambaye alikuwa ametia saini makaratasi maelfu katika ofisi ya forodha na hakuwa na haraka. Wapo wafanyabiashara huko Marekani wanaouza hati za aina hii na kadi ndogo za ikulu alizowasainia watu waliomwomba kumbukumbu. Sijanunua wala sina nia ya kununua. Ila nimeelewa kwa nini zilibaki nyingi wakati barua zake zimeteketea: hati ya kuteuliwa ilikuwa mali ya mteuliwa, naye aliifunga kwenye fremu akaitundika sebuleni, mbali na mkono wa rais na moto wake.

Hati moja ya namna hiyo imenigusa zaidi ya nyingine, ingawa kwenye mfuko huu sikuitafuta bali niliikuta katika masimulizi ya maisha ya mtu. Mapema mwaka 1885, siku za mwisho za utawala wake, Arthur alimteua George Washington Williams, mwanahistoria Mwamerika mweusi, kuwa mwakilishi wa Marekani nchini Haiti. Rais aliyefuata hakumruhusu ashike kazi, na Williams akabaki bila kituo. Miaka mitano baadaye alifika Kongo, akapanda mto hadi maporomoko ya Stanley, pale panapoitwa Kisangani leo, na tarehe 18 Julai 1890 akaandika barua ya wazi kwa Léopold akimweleza kosa kwa kosa yale aliyoyaona: watu walionyang'anywa ardhi kwa mikataba ya udanganyifu, vijiji vilivyochomwa, wanawake waliochukuliwa mateka. Aliandika pia ripoti kwa rais wa Marekani wa wakati huo, Benjamin Harrison, akimkumbusha kwamba nchi yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuitambua bendera ile. Mkono uleule wa Arthur, basi, ulikuwa umemtia saini Williams na ulikuwa umemkubali Léopold.

Lakini kiini cha mfuko huu, na sababu ya mimi kuwahimiza wengine waufungue, ni barua 23 za mwanamke mmoja. Jina lake ni Julia Sand. Alikuwa na miaka 31 hivi, hajaolewa, anaishi New York na ndugu zake, na kwa sababu ya ugonjwa alikuwa akitumia sehemu kubwa ya siku zake kitandani au kwenye kochi akisoma magazeti. Hakuwa anamfahamu Arthur hata kidogo. Tarehe 27 Agosti 1881, Garfield akiwa bado anakata roho, alichukua kalamu akamwandikia makamu wa rais, na maneno yake ya kwanza hayana salamu za kubembeleza. Anamwambia kwamba saa za Garfield zinahesabika, kwamba huenda yeye akawa rais kabla barua haijamfikia, na kwamba watu wameinama kwa huzuni, lakini je, anatambua kwamba huzuni hiyo si kwa sababu Garfield anakufa tu, bali zaidi kwa sababu yeye ndiye mrithi?

Niliusoma mstari huo mara tatu. Mtu wa kawaida, mwanamke mgonjwa asiye na kura, maana wakati huo wanawake wengi wa kule hawakupiga kura, anamweleza mtu anayekaribia kuwa mkubwa wa nchi kwamba wananchi wanamwogopa. Kisha hamwachi hapo. Anamwambia kwamba hata wapinzani wake wenye huruma wanasema atajaribu kutenda mema lakini hatafaulu, kwa sababu kumfanya mtu rais hakuwezi kumbadilisha, na yeye anakataa: inawezekana. Kutowahi kukosa, anasema, si ushahidi wa wema mkubwa kuliko wote. Ushahidi ni kulitambua baya, iwe mapema au mwishoni mwa safari, na kuligeuzia mgongo. Ni maneno ambayo mama mkubwa wa ukoo angemwambia kijana wake aliyepotoka, usiku, watoto wakiwa wamelala, na sikutegemea kuyakuta katika nyaraka za serikali ya kigeni.

Barua ziliendelea kwa miaka miwili, hadi Septemba 1883. Anampongeza anapofanya vizuri, anamkaripia anapolegea, anamuuliza kuhusu afya yake, anamlalamikia kwamba hajibu. Anajilinganisha na kibeti wa ikulu za kale, yule mtu mdogo aliyekuwa peke yake na ruhusa ya kumwambia mfalme ukweli. Bunge lilipopitisha mwaka 1882 sheria ya kuwafungia Wachina milango kwa miaka 20, alimwandikia kwamba hata watoto wa shule wasiojua kitu wasingeweza kutunga upuuzi mkubwa kuliko huo. Tarehe 4 Aprili Arthur aliikataa sheria hiyo. Wasomaji wasifurahi mapema, maana Bunge lilileta nyingine ya miaka 10, na tarehe 6 Mei aliitia saini. Hapo ndipo nyaraka za binafsi zinapokuwa na thamani kuliko hati za serikali: hati inaonyesha saini ya Mei tu, lakini barua inaonyesha kwamba kulikuwa na mtu aliyemwonya, na kwamba alikuwa amesikia.

Kwamba alikuwa anasikia, tunalo thibitisho moja lisilo la karatasi. Jioni ya tarehe 20 Agosti 1882, bila taarifa, gari la farasi lilisimama mbele ya nyumba ya familia ya Sand, na rais wa Marekani akashuka, akaingia, akakaa na familia karibu saa nzima. Julia mwenyewe alishikwa na bumbuazi, na katika barua zilizofuata analalamika kwamba mambo aliyotaka kumwambia hayakusemwa. Je, kuna gazeti lililozichapisha barua zake? Hakuna. Arthur hakumwonyesha mtu. Na aliposema karatasi zichomwe, hizi hazikuchomwa. Zilikaa katika familia hadi mwaka 1958, zilipofika Maktaba ya Bunge kutoka kwa mjukuu wa rais. Majibu ya Arthur, kama yalikuwepo, hayamo. Tunasikia upande mmoja wa mazungumzo kama mtu anayemsikiliza jirani akiongea kwenye simu, na bado upande huo mmoja unatosha kutuonyesha mtu wa pili akibadilika. Mwaka 1883, tarehe 16 Januari, mtu huyohuyo wa kazi za kujuana alitia saini sheria iliyoanza kuweka mitihani kwa watumishi wa serikali. Siwezi kudai kwamba Julia Sand ndiye aliyeiandika sheria ile. Kifo cha Garfield kilikuwa kimeisukuma. Ila nikiwa mwalimu, ninawajua watu waliobadilika kwa sababu mtu mmoja aliwaambia kwamba inawezekana.

Ningetamani tathmini yangu iishie hapo, kwa sifa. Lakini nilikuja kwenye mfuko huu kama Mkongo, na kuhusu Kongo mfuko huu ni karibu mtupu. Habari za mwaka 1884 lazima msomaji azitafute kwingine. Mhusika mkuu, Henry Shelton Sanford, aliyewahi kuwa mwakilishi wa Marekani huko Ubelgiji kisha akawa mtu wa Léopold, nyaraka zake ziko katika mji wa Florida unaoitwa kwa jina lake. Nyaraka za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji. Arthur alikuwa amelala katika hoteli ya Sanford huko Florida mwezi Aprili 1883, na mwishoni mwa mwaka huo Sanford alifika Washington akiwa na barua ya Léopold kwa rais na nakala za mikataba ya machifu zilizorekebishwa Brussels, kipengele cha ukiritimba wa biashara kikiwa kimeondolewa ili Wamarekani wasikione. Matokeo yake yako katika ujumbe wa Arthur kwa Bunge wa tarehe 4 Desemba 1883, ambao umechapwa na unapatikana kwa urahisi. Humo rais anasema kwamba bonde lenye utajiri na watu wengi la Kongo linafunguliwa kwa biashara, kwamba malengo ya chama hicho ni ya kuwatendea watu wema, na kwamba hakikusudii utawala wa kisiasa wa kudumu.

Hakikusudii utawala wa kisiasa wa kudumu. Sentensi hiyo niliinakili ubaoni shuleni muda mrefu kabla ya likizo hizi, nikiwa nimeikuta kitabuni, na wanafunzi wa mwaka wa sita walidhani ninawafanyia mtihani wa kutafuta uongo. Katanga, eneo letu hili, wakati huo ilikuwa ya mfalme Msiri, mjini kwake Bunkeya, na hakuna aliyemwuliza lolote. Miaka minane baadaye, tarehe 20 Desemba 1891, msafara uliokuja kwa bendera ileile ya nyota ulimpiga risasi na kumuua kwa sababu alikataa kuipandisha. Tarehe 1 Aprili 1884, majuma matatu kabla ya Washington kuitambua bendera, machifu wa Ngombi na Mafela kule chini ya mto walikuwa wamewekewa karatasi inayosema kwamba wanatoa enzi yao yote, wao na warithi wao milele, pamoja na kazi ya watu wao, na wao watapewa kipande kimoja cha nguo kila mwezi. Mahali pa saini waliweka alama ya msalaba.

Kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye sasa anasoma Kasapa, kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ndiye aliyenisaidia na Kiingereza cha Julia Sand, maana changu ni cha kujifunza ukubwani. Jioni moja, tukiwa kwenye duka la fotokopi tukisubiri kurasa zitoke, aliniuliza: "Mwalimu, huyu mama alikuwa mgonjwa, hana cheo, na barua zake zimetunzwa. Machifu wetu walikuwa wafalme. Barua zao ziko wapi?" Mzee mwenye duka, ambaye sote tunamwita Papa, alijibu kabla yangu: "Mwanangu, Léopold naye alichoma." Ni kweli. Mwezi Agosti 1908, kabla ya kuikabidhi Kongo kwa Ubelgiji, mfalme aliamuru kumbukumbu za Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali yake mwenyewe, zichomwe Brussels, na tanuru ziliwaka kwa siku nane. Arthur alichoma barua zake mwenyewe na aibu zake mwenyewe. Léopold alichoma zetu.

Kwa hiyo ninaipa huduma hii alama 15 juu ya 20. Tatu nimezikata kwa sababu ukurasa wote unazungumza Kiingereza tu, jambo linalowafungia nje walimu wengi wanaosoma Kifaransa na Kiswahili, na kwa sababu barua za mkono nilizofungua sikuziona zikiwa na maandishi yaliyochapwa kando ya kumsaidia asiyezoea mwandiko wa karne ya 19. Mbili nimezikata kwa ajili ya picha za kijivu. Ukimya wa Kongo sikuukatia alama, kwa kuwa Maktaba haiwezi kuonyesha kilichochomwa, ingawa ingeweza kuweka maneno machache ya kumwelekeza msomaji mahali nyaraka za mwaka 1884 zilipo. Kwa upande mwingine, mpangilio ni wa kuaminika, tarehe ni sahihi kila nilipozilinganisha, na sikukutana na tangazo hata moja la biashara.

Atakayetaka kuanza, asianze na hati zenye saini, hata kama ndizo zinazovutia macho. Aanze na barua ya tarehe 27 Agosti 1881, aisome polepole, kisha afuate nyingine kwa tarehe zake bila kuruka, kwa sababu mwanamke huyu anakumbuka alichosema mwezi uliopita na anategemea msomaji wake naye akumbuke. Barua moja kwa jioni inatosha. Mwandiko wake una kasi, ana mazoea ya kutumia mistari mirefu ya kukata sentensi, na ukishaizoea mistari hiyo unaanza kusikia anapovuta pumzi. Zile nilizochapa kwa Papa nimezitia katika jalada la bluu, nimezitafsiri tano hadi sasa kwa Kiswahili, na shule itakapofunguliwa mwezi wa Septemba zitasomwa darasani siku moja na karatasi ya Ngombi, ya Julia Sand kwanza, ya machifu baadaye.